Komeo la Dada

"Mgeni njoo, mwenyeji augue," alisema fundi cherehani nyuma ya kioo cha dirisha, na komeo la mlango hakuligusa.

Nje, mdogo wake alicheka. Alikuwa ameshuka basi sasa hivi, mfuko begani, mtoto wa miezi minne mgongoni.

"Dada, acha masihara. Fungua, nimekuletea mtoto umpakate."

"Mbona mtoto ana macho mekundu? Mbona kamasi?"

"Vumbi la njiani hilo!"

"Surua huanza hivyohivyo. Homa, mafua, macho. Vipele vikitokea nyuma ya masikio, wenzake wameshaambukizwa. Rudi naye kwako."

Kicheko kikakatika.

"Unamwogopa kichanga, Dada? Damu yako?"

Fundi aligeuza uso. Ukutani, kadi ya kliniki ya mwanawe ilikuwa na kisanduku kitupu: chanjo ya surua. Alisema angempeleka wiki ijayo, akimaliza kushona sare za shule. Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo.

"Basi mwite mwanao aje amwone mdogo wake."

"Amelala."

"Saa nne hii? Na chumbani kwake mapazia yote umefunga?"

"Amelala, nimesema."

Mdogo mtu akamfungua mtoto mgongoni, akamwinua hadi kwenye kioo. Mtoto akacheka, ufizi mtupu, akakipiga kioo kwa kiganja. Fundi alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia. Kisha akavuta pazia.

Jirani aliyekuwa akianika nguo akasonya. "Mwache, mwenzangu. Leo fundi kajishona hadi moyo, vifungo vyote kafunga!"

"Nilimsifu kwa mume wangu," mdogo mtu alisema, akimfunga tena mtoto mgongoni. "Nikamwambia, kwa dada yangu ni kwa mama."

Fundi akaingia chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamalizia kwa mkono pindo la kitambaa cheupe. Sindano ilimchoma mara mbili, hakushtuka. Neno moja tu lingetosha. Angelitamka, mdogo wake angevunja mlango na kuingia mbio, mtoto mgongoni. Alilimeza.

"Utakuja kuniomba radhi, Dada!" sauti ililia kutoka barabarani. "Utaniomba!"

Akakata uzi kwa meno. Akakitandaza kitambaa juu ya mwanawe, miguu, kifua, kisha uso wenye vipele, uliopoa tangu alfajiri.

"Siombi," alisema.