Nusu ya kichwa

Vidole vilikaza ghafla, na Bulonza akajua kwamba msichana aliyekuwa akimsuka amesahau.

Tangu asubuhi alikuwa akimsikia nyuma ya sikio lake akinong'ona mifupa ya kifundo cha mkono: scaphoïde, semi-lunaire, pyramidal... Hapo akakwama, na msuko ukavuta ngozi hadi machozi yakamlenga Bulonza.

Alifumba macho. Harufu ya mafuta ya nywele, vumbi jeusi la volkano mlangoni, vyote vilikuwa vilevile. Naye aliwahi kusimama hivi akisuka, hapa hapa mtaani Birere, akivuta vichwa vya watu kila jibu lilipompotea. Wateja walimgombeza. Hakuna aliyewahi kumuuliza anasoma nini.

"Pisiforme," alisema polepole.

Vidole vikalegea. "Mama, ulijuaje?"

"Niko infirmière ku hospitali. Examen ni saa ngapi?"

"Saa sita, mama. Lakini patronne wa hii saluni hataki niache kichwa ya mutu katikati."

Saa sita ilikuwa karibu. Bulonza alijipapasa: upande mmoja misuko imara, iliyonyooka; upande mwingine nywele zimesimama kama za mtoto aliyetoka kuamka.

Akainuka, akajifunga kitenge kichwani.

"Patronne nitasema naye mimi. Enda, mutoto. Utamalizia kesho."

Msichana alitoka mbio, kitana bado mkononi. Kwenye kona akageuka. "Mama! Nyuma ya pisiforme inafuata nini?"

Barabara nzima ilitazama. Bulonza akapaza sauti, ile ya alipokuwa na miaka ishirini:

"Trapèze!"