Jina Lililozidi Kwenye Orodha

"Huyu Min Adero ni kastoma gani?" Narendra aliuliza, kidole kikigonga kioo cha kompyuta. "Kampuni hana, sanduku la posta hana. Namba ya Muhoroni tu."

Milka aliinama asome. Asubuhi hiyo alikuwa ameviunganisha vikompyuta vya mkononi vya maajenti wote na kompyuta kubwa ya ofisi, kama bosi alivyoagiza. Tangu vifaa hivyo vifike Kisumu mwaka wa tisini na saba, orodha ya wateja ilitoka ofisini ikaingia mikononi mwa maajenti, basi. Wiki hii Narendra alitaka iende na irudi: kila jina ambalo ajenti amejiandikia kando lije kwenye orodha ya wote. Alikuwa na hakika kuna mtu anauza vipuri vya trekta nyuma ya mgongo wake. Maajenti hawakuambiwa.

Jina hilo lilitoka kwenye kifaa cha Walter, ajenti wa Muhoroni, aliyeondoka kwenda huko mara kifaa chake kilipokwisha kuunganishwa. Mume wa Milka.

"Mimi nilimwamini kuliko wote," Narendra alisema. Usaliti ulikuwa umemuuma kweli. "Anaficha kastoma yangu! Akirudi leo achukue vitu yake, aende."

Milka alishtuka. Mume kukosa kazi sasa hivi, na yeye anakaribia kujifungua? Kisha akalisoma jina upya, akaangua kicheko mpaka akashika tumbo.

"Bosi, Min Adero ni mimi!"

"Ni ukweli, Bosi," Oketch, ajenti wa njia ya Busia, alidakia kutoka mezani kwake. "Hiyo kwa Kijaluo ni kusema mama ya Adero. Walter anamwita hivyo kila siku, mpaka sisi tumechoka."

Narendra hakucheka. "Na hiyo Adero iko wapi?"

"Huyu hapa." Milka alijipapasa tumbo. Adero lilikuwa jina la marehemu mama yake Walter, na binti wa kwanza wa Walter ndiye angelirithi. Lilikuwa limesubiri sana jina hilo. Mawifi walishaanza kumsema Milka kwa kuchelewa kuzaa, tena bila kunong'ona. Kila alipokata tamaa, Walter alimshika mkono akamwapia kwamba jina la mama yake halitakwenda tumbo lingine.

"Na namba?"

"Ni nyumba yetu mpya, Bosi. Anatujengea huko Muhoroni. Amenikataza nisiende kwanza mpaka rangi ikauke." Macho yalimlowa. "Kumbe ameshaweka simu!"

Huko Nyalenda walikopanga, simu ilikuwa ya kuomba kwa mwenye duka, naye alikusikiliza neno kwa neno. Na mwanamume huyu alikuwa amemwekea mkewe simu kabla hata hajahamia, tena akanyamaza ili amshangaze! Milka alizionea aibu Jumamosi zote alizonuna kwa sababu Walter amelala Muhoroni akisimamia mafundi. Angemwomba radhi jioni, na samaki mzuri angempikia.

Narendra alimsukumia simu ya mezani. "Piga, basi. Kama ni nyumba tupu, itaita tu. Kama ni kastoma atashika, na bwana yako amekwisha."

"Hata sasa hivi."

Alibonyeza namba, akawasha spika ofisi nzima isikie, akajiegemeza kitini. Alimtazama bosi kwa jeuri ya mtu anayengoja kuombwa msamaha. Oketch aliacha kalamu yake akasogea.

Simu iliita. Ikaita tena. Ikaendelea kuita, na Milka akaanza kutabasamu.

"Haloo?" Sauti ya mtoto wa kike, changamfu, iliyozoea kushika simu.

Tabasamu la Milka lilibaki pale pale, limesahauliwa. "Wewe ni nani, mtoto?"

"Adero," mtoto alijibu. "Mama ameenda soko. Ngoja niamshe Baba."