Akaunti ya Profesa

Alama ya mwanafunzi wa kumi na saba ilibadilika kutoka thelathini na tisa kuwa sabini na moja mbele ya macho ya Naisiae, msimamizi wa usalama wa mtandao chuoni. Akaunti iliyoibadilisha ilikuwa ya mkuu wa kitivo. Akampigia simu.

"Shikamoo, Profesa. Uko ofisini?"

"Marahaba, mwanangu. Niko mnadani Ngaramtoni, natafuta mitamba."

"Basi kuna mtu ndani ya akaunti yako. Nywila ni jina la lile dume lako la ng'ombe?"

"Umejuaje?"

"Unalisifu kila kikao, Profesa. Kitivo kizima tunalijua."

Profesa alicheka, kisha akakatiza kicheko. "Usiifunge akaunti. Matokeo lazima yafike Seneti saa sita, na ni mimi ninayeyatuma. Kumbuka nani alikupa kazi hiyo."

"Nakumbuka. Ulinipa niyalinde matokeo hayo."

Alama ya kumi na nane ikabadilika. Kidole cha Naisiae kilikuwa juu ya kitufe, ukucha umekatwa mfupi.

"Nimesema usiifunge!"

"Nimekusikia, baba," alijibu, akabonyeza.

Alama ya mwanafunzi wa kumi na tisa ilibaki ishirini na nane.