Valvu Isiyofunga

Siku hizi gesi ya bomba haiwaki pasipo mtu. Valvu ya ukutani husikiliza pumzi jikoni. Ikizikosa hujifunga yenyewe, moto ukazimika. Ndiyo maana nyumbani kwa Mwanakheri mbaazi zilikuwa kazi ya mkwewe, Bi Rukia, aliyeketi juu ya mbuzi akikuna nazi taratibu mpaka chungu kiive.

Siku walipoanua matanga ya Bi Rukia, Mwanakheri aliteleka mbaazi, akatoka kurudisha masufuria ya jirani, maongezi yakamnogea. Alipokumbuka alirudi mbio, akijua atakuta moto umezimika na mbaazi mbichi.

Moto ulikuwa unawaka. Mbaazi zilikuwa laini kabisa.

Fundi aliyeitwa aliipima valvu, akairudia. "Nzima hii, dada. Ulimwacha nani jikoni?"

"Sikumwacha mtu."

Wakatoka wote wawili, wakachungulia dirishani. Moto haukutikisika. Fundi akakusanya vifaa vyake, akaondoka bila kuaga.

Tangu hapo Mwanakheri hupiga hodi kabla ya kuingia jikoni kwake mwenyewe, kisha husimama mlangoni akiomba asiitikiwe.