Kura Mbili za Hewa ya Moto

Karatasi ya tano ilipotoka kwenye kopo la kahawa nayo imeandikwa "maji", Torvald Haugen aliacha kuhesabu.

"Maji tano, hewa mbili," mchungaji akatangaza, macho yake yakiwa dirishani.

Basi, imekwisha. Nyumba kumi na mbili ambazo kanisa la Bergdal lilikuwa linawajengea wazee zitapata joto la maji ya moto yanayozunguka chini ya sakafu, kazi ya Gunder Lien, fundi bomba. Torvald alikuwa fundi bati. Yeye aliahidi tanuru kila nyumba na njia za bati za kupulizia hewa ya moto vyumbani. Bila kazi hii, karakana yake ingefungwa kabla theluji haijayeyuka.

Wanakamati walikuwa saba, yeye mwenyewe, mkewe Ragna na Gunder wakiwemo. Wiki nzima Torvald alipita nyumba kwa nyumba, akanywa kahawa mpaka akitembea tumbo linacheza kama pipa, na hakuna aliyekosa kumwambia, "Usijali, tuko pamoja."

Nje baridi ilikuwa ya kuvunja jino. Alifika kwenye pikapu ndevu zimeshakuwa barafu.

"Umewaona watu wako?" alimwambia Ragna. "Mchungaji! Tanuru lake likizima, anamwita nani? Na Alma, anayekula kwetu kila Alhamisi! Wamenitosa mchana kweupe, tena wanatabasamu!"

"Washa gari kwanza. Miguu yangu imekuwa mawe."

"Kura mbili, Ragna. Yangu na yako." Alizungusha ufunguo. "Miaka thelathini na minane, na leo katika mji huu mzima sina mtu ila wewe."

Akaushika mkono wake, glavu juu ya glavu. Ragna alitazama theluji.

"Usiyaweke moyoni, mzee wangu. Watu wanapenda tu sakafu yenye joto."

"Sakafu si kitu. Kugeukwa ndiko kunakouma."

Mtu akagonga kioo. Alikuwa Gunder, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi. Torvald alishusha kioo inchi mbili, zisizidi.

"Umekuja kunicheka?"

"Nicheke nini na magoti haya? Sakafu kumi na mbili za kutambaa, nitazimaliza lini, nikiwa kaburini? Nani aliniuliza kama naitaka kazi yenyewe? Kura yangu nilikupa wewe, bwana."

Torvald alishusha kioo chote.

Gunder aliinama, akamchungulia Ragna, kisha akamrudia Torvald, uso umemjaa mshangao wa kweli.

"Ila mwenzangu, mimi nilikuwa nategemea zitoke tatu."