Tumbo la Haji Metwali

Jumatatu Haji Metwali alikuwa amefunga choo. Jumanne akaharisha. Jumatano, kwa maelezo ya mkewe, hakuwa ametia kitu kinywani tangu juzi, na bado maharage ya asubuhi yalikuwa yamemkaa vibaya.

Wagdi, mfamasia, aliegemea kaunta akamsikiliza bi kizee bila kumkatiza. Njia ya mwongo ni fupi, lakini Hajati Inshirahi alijaliwa kuipita kila jioni bila kuona haya.

"Na zile antibiotiki, Hajati, ameacha?"

"Zipi hizo, mwanangu?"

"Si ulisema jirani alimchoma sindano ya mafua, akamwachia na vidonge?"

"Aa, zile! Ameacha zamani. Ila nieleze tena. Mafua ni ya kifua, tumbo linaingiaje?"

Wagdi akaeleza tena. Hakuna kitu alichopenda kama kueleza. Tumboni mna bakteria wema, wengi kuliko watu wote wa mji huu wa Damanhur, na kazi yao ni kusaga chakula na kutulinda. Mafua ni virusi. Hata yakibaki kifuani, huwavuruga wale wa chini. Kisha watu wa hapa, pua ikichuruzika tu, wanakimbilia sindano na antibiotiki.

"Virusi havifi kwa antibiotiki, Hajati. Wanaokufa ni wale wema. Umechoma nyumba kumfukuza panya."

"Maskini! Na hawarudi tena?"

"Wanarudi, pole pole. Ale mtindi, dengu, mboga za majani."

"Wanarudi wenyewe tu, peke yao?"

"Wakipata wenzao wanarudi upesi."

Hajati alitikisa kichwa, akanunua pipi za koo, akafunua sahani aliyoificha chini ya shali. Ilikuwa na wali ulioviringishwa kwa majani ya kabichi. "Umekula wewe?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Wagdi akajifanya anapanga chupa. Sahani ikabaki kauntani, na usiku aliila yote amesimama. Kilikuwa na ladha ya chakula cha sufuria kubwa. Bado anapika kama zamani, aliwaza, kama nyumba yake ilipokuwa na watu.

Tangu duka kubwa la dawa lifunguliwe barabara kuu, wateja wake wenyewe walikuwa wachache mno. Kulikuwa na fundi wa magari mwenye kikohozi kisichosikika, bi harusi mpya aliyelalamikia kiungulia, na msichana wa shule aliyetaka kujua kama mtindi unaua vijidudu au unavifuga. Wote walikuwa wasikilizaji wazuri na wanunuzi wabaya. Lakini hakuna aliyemwuma moyo kama Hajati.

Maana Haji Metwali hakuwapo. Wagdi alikuwa na hakika. Tumbo la mtu aliye hai haliwezi kufanya yote yale kwa wiki moja. Bi kizee alikuwa mjane, akimwuguza marehemu kwa maneno ili apate mtu wa kuzungumza naye. Wagdi hakumcheka. Alipomzika mama yake kule Minya, kabla hajahamia hapa, yeye mwenyewe aliendelea kutenga glasi mbili za chai. Upweke aliujua.

Amwambie ukweli, au anyamaze? Akimwumbua, hatakuja tena, na atabaki na nani? Na yeye Wagdi jioni zake angezipeleka wapi, hilo hakutaka kulifikiria.

Alhamisi mvua ilinyesha kutwa. Adhana ya magharibi ikapita, Hajati hakutokea. Wagdi alitazama mlango mpaka akashindwa kuvumilia. Labda ameanguka, hana wa kumwinua. Sahani ya watu hairudi tupu. Akaipangia vikombe vya mtindi, akafunga duka, akaelekea nyumbani kwa Hajati. Njiani alijifunza maneno ya kusema: Hajati, najua Haji hayupo. Wewe njoo tu, huhitaji mgonjwa.

Juu ya ngazi alikuta viatu vimerundikana. Mlango ulikuwa wazi nusu. Akainua mkono kubisha, kisha akachungulia ndani.

Wateja wake wote walikuwa wamezunguka sinia moja. Fundi alicheka bila kukohoa. Bi harusi alitafuna pilipili. Msichana wa shule alikuwa amelala mapajani mwa mzee mnene aliyekuwa akirarua paja la bata kwa meno. Hajati, mgongo kwa mlango, alijitanda shali kwa haraka, sahani iliyofunikwa mkononi.

"Haya wahi, Inshirahi," mzee alisema, kinywa kimejaa, "yule kijana asije akala peke yake na mvua hii. Lakini kesho aumwe mwingine. Mimi nimechoka kuharisha!"