Kamera Isiyoona Gizani

Mama Herminia aliigeuza picha juu chini, akaipeleka dirishani, kisha akauliza yule mwenye kitambaa kichwani ni bi harusi au ni sanamu ya Bikira Maria.

"Ni Nereida, mama," alisema Evodio, mwanawe mdogo aliyezipiga picha hizo.

"Na huyu wa pembeni?"

"Hiyo ni nguzo."

Albamu nzima ilikuwa hivyo. Harusi ya Gaudencio, mwanawe wa kwanza, harusi iliyoulisha mji wote wa Tepantla kuku wa mchuzi mzito wa mole siku mbili mfululizo, ilikuwa imebaki weusi, madoa ya mishumaa na chengachenga. Mama wa watu alikuwa amezisubiri picha hizo wiki tatu. Aliifunga albamu taratibu, akasema si kitu, Mungu aliona. Evodio alitamani angemtukana tu yaishe.

Sababu kila mtu aliijua, maana Tepantla nzima ilikuwa imegeuka mafundi wa kamera. Kanisa lao lina kuta nene na vidirisha vya kupita paka. Asubuhi ile umeme ulikatika kabla ya misa. Na padri hataki kabisa kusikia habari za flashi, eti inaharibu dhahabu ya altare. Mwanga ulikuwa wa mishumaa tu.

"Kamera yako inasinzia," kinyozi Don Fulgencio alimwambia. "Siku hizi zipo zinazoona gizani kama bundi. Tafuta hiyo, au uache kazi."

"Bundi gani?" Doña Eulalia muuza mikate ya tortilla alidakia. "Marehemu baba yake aliwapiga picha wazee wetu kwa filamu ya kawaida, kanisani humo humo, na nyusi unazihesabu. Kijana hajui kazi, basi."

Evodio aliwasikiliza wote, akawaitikia wote. Ndiyo, kamera ni dhaifu. Ndiyo, mwanga haukutosha. Aliyasema hayo mara nyingi hata yakawa yanamtoka yenyewe, na kila yalipomtoka alikwepa kuitazama kamera.

Kwa kuwa kamera yenyewe aliletewa na Gaudencio. Miaka miwili kaka yake alichuma tufaha kaskazini, ng'ambo ya mpaka, wakilala watu tisa chumba kimoja, na kabla hajamnunulia mchumba wake hata pete alimtumia mdogo wake kamera. Evodio akabaki nyumbani kumwangalia mama, na kila Jumamosi kumpeleka Nereida mjini kununua vitu vya harusi.

Jumatatu asubuhi Gaudencio aliingia studioni, begi begani.

"Mdogo wangu, nimekuja kukuomba radhi."

Kitambaa cha kufutia lenzi kilimponyoka Evodio. "Radhi ya nini, kaka?"

"Nilikununulia ya bei ya chini. Mwenye duka aliniambia wazi, penye giza hii itamsumbua, chukua ile ya juu yake. Mimi nikajifanya mjanja. Sasa watu wanakucheka, na mama hana hata picha moja ya harusi ya mwanawe."

"Kamera haina kosa."

"Usinibembeleze bwana. Nimeshaongea na msimamizi wa mashamba, narudi msimu mmoja tu. Basi linaondoka saa tano. Nitakuletea kamera inayoona mpaka ndani ya kisima. Nikirudi tunavaa tena, tunapiga magoti tena, unatupiga upya. Padri amekubali."

Evodio alishika ukingo wa meza. Mwaka uliopita vijana wawili wa Tepantla walipita njia hiyo ya jangwani ya kuvukia mpaka bila vibali, hawajaonekana, na hadi leo mama zao wanawawashia mishumaa.

"Hata mwezi hujamaliza tangu uoe. Shemeji anasemaje?"

"Alilia, halafu akanyamaza. Atakaa na mama." Gaudencio akampiga begani. "Na wewe upo. Utanitunzia kama ulivyonitunzia mwanzo."

"Kaka, usiende. Si kamera. Ni mimi niliyeziharibu."

Gaudencio alicheka, kicheko cha upendo, kibaya kuliko tusi. "Unaona sasa? Tangu utotoni wewe ni wa kubeba lawama zisizo zako. Nilivunja mtungi mimi, ukachapwa wewe."

Sentensi moja zaidi ingetosha. Evodio aliijua neno kwa neno, na alijua kwamba akiitamka kaka yake hatapanda basi, na pia hatamwita tena mdogo wangu. Akamkumbatia, akamwambia aende salama, akamwonea haya mpaka akashindwa kumtazama usoni.

Basi lilipopiga honi kule uwanjani alifunga mlango wa studio, akawasha kompyuta, akafungua faili ambalo hakuwahi kumwonyesha mtu. Zilikuwemo picha kama zilivyotoka kwenye kamera, kabla hajakaa siku tatu akizitia giza moja baada ya nyingine kwa mkono wake.

Kamera ilikuwa imeona kila kitu. Dhahabu ya altare ilionekana, nyuzi za shela zilionekana, ile kamba nyeupe ya ndoa waliyovishwa mabegani ilionekana fundo kwa fundo. Watu wote walikuwa nyuma ya maharusi, wakiona migongo. Padri alikuwa ameinamia kitabu chake. Gaudencio alikuwa amefumba macho anasali. Mbele alisimama mpiga picha peke yake. Na katika kila picha, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, Nereida alikuwa akimtazama yeye, machozi yakimtiririka, vile ambavyo mke wa mtu hamtazami shemeji yake.